Pikipiki Ni Yako, Ramani Ni Ya Nani?

Najua nimepotea, na wengine wenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimechoka na kazi hii. Sijachoka. Nilikuwa nyumbani kwa matanga, upande wa Ndhiwa, na kule stima ikipotea inapotea kweli. Nimerudi na jambo lililonikera hadi usingizi ukakataa, kwa hivyo lile somo la hifadhidata nililoahidi litangoja. Leo mnivumilie, nina hasira.

Siku ya kurudi Nairobi nilichukua bodaboda hadi Rodi Kopany, pale njia panda ya kwenda Homa Bay mjini, Rongo na Ndhiwa. Kijana aliyenibeba alikuwa na pikipiki mpya, karatasi za plastiki bado ziko kwenye tangi. Nikamuuliza, "Omera, hii ni yako?"

"Jaduong', ni yangu na si yangu. Nalipa kila siku."

Nikaona waya mwembamba umepita chini ya kiti, nikajua. Kazi yangu ni programu, na waya kama huo nimeshaulisha data miaka mingi. Nikamuuliza kama wenye mkopo humpigia simu. Akacheka. Akaniambia kuna mama mmoja ambaye yeye humbeba kila baada ya miezi kadhaa, kutoka kijijini hadi hospitali fulani mjini Migori. Ni mbali, na njiani kuna vituo vya afya viwili vitatu wanavyovipita. Mama hataki kuingia vile vya karibu, na kijana hajawahi kumuuliza kwa nini. Basi juzi akapigiwa na afisa wa mkopo. Afisa akamwambia, tunaona pikipiki yako inakaa sana hospitali ile. Wewe ni mgonjwa? Utaweza kumaliza kulipa? Kijana akajieleza kwamba alipeleka mteja. Afisa akasema sawa. Halafu akauliza mteja huyo ni nani.

Kijana alikuwa anacheka akisimulia. Mimi sikucheka.

Wale mnaosoma kutoka Mombasa, Dar au Muscat pengine hamjaona ubaya uko wapi, kwa hivyo nieleze. Homa Bay ndiyo kaunti iliyokuwa na kiwango cha juu kuliko zote cha maambukizi ya VVU Kenya katika utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa 2018: asilimia 19.6 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64. Migori ilikuwa asilimia 13.0. Taifa zima lilikuwa asilimia 4.9. Maana yake, wakati ule katika Homa Bay karibu mtu mzima mmoja kati ya watano alikuwa akiishi na VVU, na wengi huamua kwenda kuchukua dawa mahali ambapo jirani hatawaona kwenye foleni. Yule mama alilipa nauli ya kilomita nyingi ili kununua kitu kimoja tu, nacho ni siri. Siri hiyo iko kwenye seva ya kampuni ambayo hajawahi kuisikia, haidai hata senti, na hajaweka sahihi yoyote kwao. Aliuzwa na kiti cha pikipiki alichokalia.

Sasa nieleze kifaa chenyewe, maana watu wengi hudhani traka ni uchawi. Si uchawi. Ni kisanduku kidogo kuliko kiberiti kikubwa, ndani yake kuna kipokezi cha GPS na laini ya simu kama hiyo yako. Kipokezi kinasikiliza setilaiti na kukokotoa mahali kilipo. Laini inatuma jibu kwa intaneti hadi kwenye seva. Lugha moja maarufu ya vifaa hivi inaitwa GT06, imetoka China, na ujumbe wake wa kawaida huanza na baiti mbili, 78 78. Kifaa kinapoamka kinajitambulisha kwa namba yake ya IMEI. Seva ikisema karibu, kinaanza kumwaga: tarehe, saa, latitudo, longitudo, mwendo, mwelekeo, na pia mnara wa simu kilioushika. Hapo kuna 639 kama mnara ni wa Kenya, 640 ukiwa wa Tanzania, 641 ukiwa wa Uganda. Hakuna usimbaji fiche. Ni kama postikadi, na yeyote aliyeko njiani anaweza kuisoma.

Fanya hesabu kidogo. Kifaa kikituma kila sekunde 30 na pikipiki ikifanya kazi saa 12, hizo ni nukta 1,440 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni nukta 432,000. Huyo ni kijana mmoja wa Rodi, kwa mwaka mmoja. Na msinidanganye kwamba nukta hizo hazina jina. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye walichapisha uchambuzi wa data za simu za watu milioni 1.5. Waligundua kwamba nukta nne tu za mahali na saa zatosha kumtenga mtu mmoja na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu. Nukta nne! Sisi tunazo laki nne.

Hapa lazima niungame, la sivyo nitakuwa mnafiki. Miaka kadhaa iliyopita kampuni moja ya Nairobi, sitaitaja, ilinipa kazi ya kuandika mfumo wa kufuatilia magari. Nilifurahi, kazi ilikuwa tamu: ramani, rangi, vigari vidogo vinatembea kwenye skrini. Bosi akaomba ripoti ya "vituo vya kawaida", yaani kila mahali gari limesimama zaidi ya dakika kumi, zipangwe kuanzia pale linapoenda mara nyingi. Niliiandika alasiri moja, swali moja la SQL na chai mbili. Nilipoijaribu, mstari wa kwanza ulikuwa nyumba ya dereva. Wa pili ofisi. Wa tatu ulikuwa nyumba nyingine ambapo gari lilikuwa linasimama saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kila Alhamisi. Ofisi nzima ilikuja kutazama, tukacheka. Nikamuuliza bosi, "Mkubwa, hizi data tunafuta baada ya muda gani?" Akanitazama kama mtu aliyeuliza tunamwaga maziwa saa ngapi. "Ufute za nini? Diski ni bei rahisi."

Sikufuta. Niliondoka kwenye kampuni ile na hadi leo sijui kama kuna mtu aliyewahi kufuta.

Msidhani pia kwamba wenye mitambo hii ni mafundi wa ajabu walioifunga kwa kufuli saba. Traka nyingi za bei rahisi hutoka kiwandani na nywila 123456, na fundi wa kando ya barabara hana habari ya kuibadilisha. Mwaka 2019 kampuni ya usalama ya Avast ilitangaza kwamba traka zipatazo 600,000 duniani zilikuwa wazi kwa nywila hiyo hiyo. Julai 2022 kampuni ya BitSight ikaonyesha kwamba traka ya magari aina ya MiCODUS MV720 ina matundu ambayo mgeni angeweza kuyatumia kuona gari lilipo na hata kulikatia mafuta. Ilikadiria vifaa vya mtengenezaji huyo vilivyokuwa vikitumika kuwa milioni 1.5, katika nchi 169. Kwa hivyo ukiniuliza nani anaona ramani ya yule mama, jibu la kweli ni afisa wa mkopo, msimamizi wake, mwandishi wa programu, na yeyote anayeweza kuhesabu kutoka moja hadi sita.

Wewe msomaji usiye na pikipiki ya mkopo usipumue bado. Traka yako iko mfukoni, na uliinunua mwenyewe.

Simu haihitaji GPS ili ijulikane iliko. Mtandao lazima ujue uko katika eneo la minara gani, maana mtu akikupigia simu, kengele italia wapi? Kwa hivyo hata ukiwa umelala, simu inajisajili: niko hapa, bado niko hapa, sasa nimehama. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho yako nenda Isebania. Simama karibu na mpaka, usibonyeze chochote, usipige simu, usitume kitu. Baada ya muda simu inaweza kulia tii, ujumbe: karibu Tanzania. Watu huudharau ujumbe ule kama matangazo. Mimi huuona kama siku pekee ambayo mtandao unasema kwa sauti kile unachokijua kila siku. Umevuka, na umeonekana ukivuka. Ukiwa Awendo ukaenda Uriri pia umeonekana, ila hakuna anayekukaribisha.

Tena data hii inajua mengi lakini haijui vizuri, na hapo ndipo hatari nyingine ilipo. Mjini Migori minara imekaribiana, duara lako ni dogo. Ukienda mashambani duara linapanuka kilomita kadhaa. Katika teknolojia ya zamani ya GSM mnara unaweza kukadiria umbali wako kwa hatua za takriban mita 550, na kikomo chake cha kawaida ni kilomita 35. Sasa nenda ziwani. Juu ya maji hakuna kilima wala nyumba ya kuzuia mawimbi, yanasafiri tu. Mvuvi wa Muhuru Bay akiwa ndani ya mashua usiku anaweza kushikwa na mnara wa Kenya, wa Tanzania, na akisogea kuelekea Migingo pengine wa Uganda, bila kuinua nyavu. Karatasi itaandika nchi mbili tatu kwa usiku mmoja. Mtu mvivu ofisini akiisoma atasema huyu ni mfanyabiashara wa magendo. Mvuvi ataulizwa aeleze karatasi ambayo hajawahi kuiona, iliyoandikwa na mashine asiyoijua, mbele ya afisa asiyejua maji.

Juu ya minara kuna programu zenyewe. Agosti 2018 shirika la habari la AP lilionyesha kwamba Google iliendelea kuhifadhi mahali pa watumiaji hata baada ya wao kuzima kumbukumbu ya mahali, kwa sababu kulikuwa na swichi ya pili iliyofichwa chini ya jina lingine. Novemba 2022 Google ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 kumaliza shauri hilo. Baadaye imeanza kuhamisha kumbukumbu hizo kwenye simu zenyewe badala ya seva zake, jambo ambalo nalipongeza, ingawa nakumbuka lilikuja baada ya mahakama na wala si kabla. Sisi wa Homa Bay hatukulipwa kitu. Tulizima swichi ya kwanza tu kama wengine.

Na magari? Septemba 2023 Mozilla walichunguza chapa 25 za magari na kusema zote zimefeli katika faragha, zote, hakuna hata moja iliyopita. Desemba 2024 ikajulikana kwamba data za magari ya umeme yapatayo 800,000 ya kundi la Volkswagen zilikuwa zimeachwa wazi kwenye hifadhi ya intaneti, na kwa mengi ya magari hayo mahali palionekana kwa usahihi wa kutosha kujua limelala wapi. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani ikatangaza hatua ya kuizuia General Motors kwa miaka mitano kuwapa wakala wa taarifa za wateja data za mahali na uendeshaji.

Najua mtasema, mambo ya Ujerumani hayo, sisi tunapanda Probox. Ni kweli. Probox ya Migori inabeba watu tisa, kuku, na gunia la omena, na haina intaneti. Kitu pekee inachosema ni Kijapani: ukiwasha, yule dada wa ndani ya dashibodi anakulalamikia kwamba hujaingiza kadi ya barabara za kulipia za Japani. (Mjomba wangu aliamini kwa mwaka mzima kwamba anamsalimia.) Lakini gari likija na mfumo wa ramani, mara nyingi kumbukumbu ya mwenye kwanza imo ndani. Nimefungua mmoja kwa udadisi wangu nikakuta alama ya "nyumbani" iko mji mmoja wa huko Japani. Mtu aliuza gari lake, likavuka bahari, likapanda kutoka Mombasa hadi Oyugis, na bado lilibeba mlango wa nyumba yake. Nilifuta. Natumaini naye atakayenunua lako atafuta.

Tena hata Probox na matatu haziko nje. Tarehe 1 Februari 2004 kanuni za John Michuki zilileta vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kwenye magari ya abiria. Kifaa cha wakati ule kilizuia mwendo basi, hakikujua wewe ni nani wala uko Rongo au Kendu Bay. Vya kizazi cha sasa vinatakiwa kurekodi na kutuma mwendo na mahali kwa NTSA. Sipingi kudhibiti mwendo, mimi ni mtu wa barabara ya Kisii hadi Migori na nimeona maiti. Nasema tu tazameni jinsi kifaa kilivyogeuka. Kilianza kama breki, kimekuwa shahidi, na hakuna aliyetukusanya barazani kutuuliza kama tunataka shahidi.

Sasa nije kwa hoja ngumu, maana nikiikwepa nitakuwa nimewadanganya. Septemba 3, 2018, Sharon Otieno, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo aliyekuwa mjamzito, alichukuliwa kwa gari kutoka Rongo pamoja na mwanahabari. Mwanahabari aliruka kutoka kwenye gari likienda, akapona. Mwili wa Sharon ulipatikana msitu wa Kodera, upande wa Homa Bay. Gari lilivuka kutoka kaunti moja hadi nyingine usiku, na wapelelezi wa kesi kama ile huenda kwanza wapi? Kwenye rekodi za simu. Nani alimpigia nani, saa ngapi, akiwa chini ya mnara upi. Jirani yangu mmoja, mama mwenye mabinti, aliniambia hivi nilipokuwa nikilalamika wakati wa matanga: "Mwanangu, mimi nataka minara iandike kila kitu. Binti yangu akipotea nitamtafutia wapi?"

Sina jibu jepesi kwa mama yule, na yeyote mwenye jibu jepesi hana binti. Lakini nilimwambia hivi. Mpelelezi akiwa na mwili msituni, ana jina, ana usiku mmoja, ana barabara moja. Anaweza kwenda kwa hakimu na kusema, nipe minara ya barabara hii, kuanzia saa hii hadi saa hii. Hakimu anaweka sahihi, na kesho yake wakili wa upande wa pili anaweza kuuliza kwa nini. Hilo silipingi hata kidogo. Ninachopinga ni mlango usio na hakimu. Oktoba 2024 gazeti la Daily Nation lilichapisha uchunguzi uliosema kwamba vyombo vya usalama vilikuwa vikipata rekodi za simu na mahali kwa wepesi usiohitaji amri ya mahakama. Safaricom ilikanusha, ikasema hutoa taarifa za wateja kwa njia za kisheria tu. Wengi wetu tuliisoma habari ile tukikumbuka vijana waliokuwa wakichukuliwa usiku baada ya maandamano ya Juni mwaka ule, nyumbani kwao, na watu waliojua mlango. Nani aliwaambia mlango? Na yule mwanahabari wa Rongo, au mwenzake mwingine, akikutana kesho na mtu wa kumpa siri ya kaunti, simu mbili zitalala chini ya mnara mmoja kwa dakika arobaini. Rekodi inayomsaka muuaji ndiyo hiyo hiyo itakayomfichua aliyetoa siri. Tofauti yake ni sahihi ya hakimu tu, na ndiyo maana nang'ang'ania sahihi.

Mama akasema, "Haya, lakini mimi sina cha kuficha."

Kauli hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, na nimeisikia Nairobi, Kisumu, hadi kwenye ofisi za watu wenye shahada tatu. Nikamkumbusha Februari 2015. Rais aliagiza wakati ule watoto wa shule wenye VVU waandikishwe kwa majina, wakiwemo na wazazi wao. Nia, walisema, ilikuwa nzuri, kupanga dawa. Shirika la KELIN na wenzake wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema agizo lile linavunja Katiba. Wazazi wa huku walishukuru. Hawakuwa wamefanya kosa lolote, na bado walikuwa na cha kuficha, kwa sababu katika kijiji orodha haikai ofisini, inatembea hadi sokoni. Tuna sheria ya VVU na UKIMWI ya 2006 inayokataza kufichua hali ya mtu bila ridhaa yake. Daktari akiropoka anashtakiwa. Lakini traka iliyo chini ya kiti, inayoandika hospitali ileile kila baada ya miezi kadhaa, nani atainyamazisha? Orodha ambayo mahakama ilikataa kwa Rais inaandikwa upya, mstari kwa mstari, na kampuni ya pikipiki, kwa bahati tu!

Msiniambie pia kwamba hakuna sheria. Ipo, na si mbaya. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja wazi data za mahali kuwa miongoni mwa vitu vinavyomtambulisha mtu, inaweka afya kwenye kundi la data nyeti, na inasema data isikae kupita muda unaohitajika. Kamishna tunaye tangu Novemba 2020, na ofisi yake imeonyesha meno: Septemba 2023 klabu moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini, na shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Mahakama nazo zinajaribu. Mwisho wa 2024 serikali ilitaka namba za IMEI za simu zinazoingia nchini ziwasilishwe kwa watoza ushuru, na Julai 2025 Mahakama Kuu ikaibatilisha amri hiyo. Lakini mnaona faini zile zilitozwa kwa nini? Kwa picha. Picha mtu anaiona, analalamika. Nukta 432,000 hakuna anayeziona isipokuwa mwenye seva, na kijana wa Rodi hawezi kulalamikia kitu asichojua kipo.

Kwa hiyo lawama yangu kubwa haiendi kwa serikali leo, mtashangaa. Inakuja kwetu. Sisi wa kibodi. Mwenye mkopo ana haki ya kujua pikipiki yake haijavushwa Sirari na kuuzwa, sawa, mwizi yupo. Jambo hilo linahitaji nini? Linahitaji nukta moja, ya mwisho, na labda kengele pikipiki ikivuka mpaka. Halihitaji historia ya mwaka. Halihitaji ripoti ya "vituo vya kawaida". Halihitaji afisa wa mkopo aone jina la hospitali alipobonyeza. Mstari wa kufuta data za juzi unaandikwa kwa dakika tano, naandika hapa bila aibu kwamba ni mstari mmoja, unauweka kwenye kazi ya usiku na umemaliza. Hatuuandiki kwa sababu hakuna anayetuagiza, na kwa sababu sisi wenyewe tunapenda ramani nzuri. Deni likiisha, kijana anapewa kadi ya umiliki, anachinja kuku, na kifaa bado kinapumua chini ya kiti kwa sababu hakuna aliyeandika programu ya kukizima. Amekilipia hicho pia, kimo ndani ya bei. Ni nani aliwahi kumuonyesha ramani yake hata siku moja?

Nimeyasema haya kwa mafundi wenzangu na mmoja akaniambia, jamaa, wewe umezeeka, data ni mafuta mapya. Sawa. Mafuta yakimwagika ziwani tunajua nani huacha kula samaki.

Basi kabla sijapanda gari la Nairobi siku ile nilimwambia kijana tusimame kwenye kibanda cha chai. Tukaandika barua. Kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kwa mkono wake. Ameomba nakala ya kila nukta walizo nazo juu ya pikipiki yake, majina ya vyeo vya wote waliozitazama, muda watakaozihifadhi, na tarehe ambayo kifaa kitazimwa deni likiisha. Ameomba pia zile za hospitali zifutwe. Jina la mama halimo, na hata mimi sikuliuliza. Kanuni za 2021 zinawapa siku saba kumpa nakala yake. Aliipeleka mwenyewe ofisini Ijumaa asubuhi, yule dada wa mapokezi akaisoma mara mbili, akamuita mkubwa wake, wakanong'ona, kisha wakagonga muhuri kwenye nakala. Amenitumia picha. Siku ya saba ni Ijumaa hii, na ameniambia siku hiyo hatabeba mteja hadi saa sita, atakuwa amekaa pale nje ya mlango wao, pikipiki imeegeshwa mahali ambapo wataiona kwenye skrini.